Nani Atagonga Goti la Mama Goti?

Mlango wa chumba cha upasuaji unafunguliwa kwa teke, maana anayeusukuma ameshika kitanda kwa mikono yote miwili. Ni saa saba mchana na wodi imejaa joto. Juu ya kitanda amelala mama mshonaji wa nguo, amefunikwa shuka hadi kidevuni, midomo imemkauka, anamwita dada yake kwa sauti isiyotoka.

Kabla kitanda hakijasimama sawasawa, mwanamke mfupi mwenye sare nyeupe na viatu vya mpira analifunua shuka upande wa miguuni. Anapitisha mkono wa kushoto chini ya goti la mgonjwa na kuliinua kidogo. Mkono wa kulia unatoa mfukoni kinyundo cha mti chenye kichwa cha mpira. Anagonga mara moja, chini kidogo ya mfupa wa goti. Mguu unaruka.

"Lipo," anasema.

Goti la pili nalo linaitika. Anarudisha kinyundo mfukoni, anakitazama kifua cha mgonjwa kikipanda na kushuka huku akiiangalia saa ya ukutani, kisha anainama kuukagua mfuko wa mkojo unaoning'inia ubavuni mwa kitanda. Akishamaliza yote hayo ndipo anapoinua uso kuitazama dripu.

Dada wa mgonjwa, aliyekuwa amechungulia mlangoni, uvumilivu unamshinda. "Nesi, mgonjwa wetu kakukosea nini mpaka unampiga?"

"Hajanikosea, dada. Napiga hodi tu. Siku nikipiga hodi asiitike, ndiyo uje unigombeze."

Hapa wodini wanamwita Mama Goti. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho, na hata mumewe, fundi viatu, siku akimkasirikia humwita hivyo hivyo. Ni muuguzi wa wodi ya wanawake waliopasuliwa kizazi: walioondolewa uvimbe, waliotolewa kizazi chote, waliofunguliwa kwa sababu mimba ilitunga pasipo pake. Vitanda ni kumi na sita. Wauguzi wa zamu ni wawili siku wakiwa wengi, na siku nyingi si wengi.

Ndani ya dripu ya mshonaji kuna magneziamu salfeti, dawa ambayo hapa kila mtu huiita magnesi. Ukilitaja jina hilo mbele ya mama aliyewahi kulazwa wodi ya wazazi, atashtuka, kwa sababu anaijua kuwa dawa ya kifafa cha mimba. Dada wa mshonaji naye alishtuka. Alitaka kujua ndugu yake ameshikwa na kifafa lini, wakati hana hata mimba.

Ikabidi Mama Goti amkalishe na kumweleza kwamba dawa ni ile ile lakini kazi ni nyingine. Huku wanaitia kidogo, polepole, wakati wa upasuaji na saa chache baada yake, ili maumivu yasije na nguvu zote mgonjwa akizinduka.

"Kwa hiyo hataumwa?" dada mtu akauliza.

"Ataumwa. Tumbo limepasuliwa, litakosaje kuuma? Ila ataumwa kiasi cha mtu kuweza."

Ili uelewe kwa nini mwanamke huyu anaona kiasi hicho ni kitu kikubwa, lazima urudi nyuma, enzi ambazo wodi hii ilikuwa na dawa moja tu isiyoisha stoo. Dawa yenyewe ilikuwa neno: jikaze. Mama akitoka chumba cha upasuaji akilia, aliambiwa ajikaze kisabuni. Akizidi kulia, aliulizwa kama yeye ndiye wa kwanza kupasuliwa. Mwandishi wa makala haya amelisikia neno hilo likisemwa na watu wema kabisa, wakiwa wamemshika mgonjwa mkono, na bado hajui nani aliyewaambia kuwa ni msaada.

"Hata mimi nililisema," anakiri Mama Goti, akikunja mashuka safi mezani. "Nilikuwa msichana, nimetoka chuo juzi. Nilisema kwa sababu sikuwa na kingine cha kuwapa. Halafu siku moja nikajiuliza, hivi sabuni gani hiyo iliyowahi kupasuliwa tumbo?"

Anacheka mwenyewe. Kicheko hakifiki mbali.

Aliyewaumbua, anasema, ni dobi wa hospitali. Mzee yule alikuja siku moja na mashuka mkononi, amekasirika, akitaka kujua wodi hii inafuga panya wa namna gani. Kila shuka lilikuwa limetoboka kwenye pembe. Wauguzi wakatafuta panya chini ya makabati, wakatega na mitego. Mama Goti akalichukua shuka moja, akalinyoosha dirishani, akaona matundu yamepangika kwa upinde. Yalikuwa meno ya watu.

"Ndiyo nikajua kwa nini wodi yetu ilikuwa kimya. Wakubwa walikuwa wakipita wanatusifu, wodi tulivu. Kumbe wanawake wanauma mashuka wasitukere."

Kwa upasuaji mkubwa kama huu, dawa ya kutegemewa ni morfini. Hufungiwa kabatini kwa kufuli mbili, na mara nyingi kufuli hizo hulinda kabati tupu. Ikija, huja kidogo, na hugawanywa kwa macho ya huruma: nani anaumwa zaidi, nani anaweza kungoja. Miezi hii miwili haijafika kabisa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kuamua kutoka pembeni nani anaumwa zaidi ni kazi ambayo Mama Goti anasema imemzeesha kuliko kuzaa.

Aliyeleta habari ya magnesi ni mtaalamu wa usingizi, bwana mrefu mpole ambaye wagonjwa wamembatiza Baba Usingizi. Yeye mwenyewe hapendi dawa hiyo isifiwe kupita kiasi.

"Magnesi si miujiza," anasema akinawa mikono. "Atakayekuambia inaondoa maumivu peke yake anakuongopea. Inapunguza makali. Mgonjwa niliyempa hutosheka na morfini kidogo, na siku morfini haipo, hizi dawa za kawaida angalau zinapata mtu wa kuzishika mkono. Na si kila mtu nampa. Mwenye figo mbovu, hapana, maana dawa hii hutoka kwa mkojo."

Kisha anasema jambo ambalo ndilo kiini cha maisha ya Mama Goti. Dawa hiyo ikizidi mwilini hulegeza misuli. Hailegezi yote kwa mpigo. Mara nyingi goti hutangulia, likigongwa haliruki. Misuli ya pumzi hufuata baadaye. Kati ya goti kunyamaza na pumzi kukatika pana nafasi, na ndani ya nafasi hiyo mtu anaokolewa kwa kuifunga dripu na kumchoma kalsiamu, dawa inayoipinga magnesi.

"Ndiyo maana namwambia kila anayekuja hapa," anasema Baba Usingizi, "sihitaji chupa nyingi za magnesi. Nahitaji mtu wa kukaa."

Mtu wa kukaa ndiye Mama Goti. Anakaa, anagonga, anatazama pumzi, anapima mkojo, anagonga tena. Mgonjwa aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni, goti lake halisemi kitu mpaka miguu iamke, kwa hiyo huyo humtazama kifua tu na kumsemesha. Aliyelazwa nusukaputi kama mshonaji, goti linasema mapema.

Kinyundo cha hospitali kilipotea siku nyingi. Kwa muda aligonga kwa ubavu wa kiganja, mpaka mkono ukavimba na mumewe akauliza anapigana na nani huko kazini. Fundi viatu akakata kipande cha tairi, akakipachika kwenye mpini wa nyundo yake ya zamani, akakishindilia misumari midogo ya soli.

"Wenzangu wanawapelekea wake zao manukato," anasema fundi huyo akiwa amebana uzi kwa meno, kiatu cha mteja kikiwa mapajani. "Mimi nimempelekea nyundo. Na alifurahi! Huyo ndiye mke wangu."

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Dobi alikuja kusema mashuka sasa yanarudi mazima. Mama Goti anaikumbuka siku hiyo kuliko siku aliyopewa cheti cha mfanyakazi bora, ambacho hajui kiko wapi.

Halafu ikaja siku ya ajali.

Wodi ilipungukiwa watu, ikaazimwa mkunga kutoka wodi ya wazazi. Mkunga hodari, mwenye mkono mwepesi, mama wa watoto wawili. Mama Goti alitumwa maabara kufuata damu ya mgonjwa mwingine. Akamwachia mkunga mgonjwa mmoja aliyekuwa kwenye dripu ya magnesi, akimwambia amwangalie.

Mkunga akatazama, akaona dripu inadondoka polepole sana. Akaona imeandikwa magnesi. Kwa miaka yote ya kazi yake, magnesi ilikuwa na kipimo kimoja: mama amekakamaa, macho yamegeuka, unachoma nyingi, unachoma haraka, sindano nzito tako la kulia na tako la kushoto, vinginevyo unampoteza yeye na mtoto. Akadhani wenzake wamesahau dozi kubwa ya kuanzia. Akaivuta kwenye bomba la sindano, akachoma.

"Hakukosea mtu mjinga," anasema Mama Goti, na hapa sauti inapanda. "Andika vizuri hapo. Alikosea mtu mzoefu. Mjinga angeuliza."

Aliporudi na damu, mgonjwa alikuwa akilalamika kwamba mwili unamwaka moto na ulimi umekuwa mzito. Mama Goti akagonga goti. Kimya. Akagonga la pili. Kimya. Kope zikashuka, pumzi zikaanza kuja moja moja. Akafunga dripu, akapiga kelele, Baba Usingizi akaja mbio akambana mgonjwa kinyago usoni na kumpumulia kwa mfuko wa mpira, huku kalsiamu ikiingia mshipani taratibu. Mgonjwa akarudi. Baadaye aliwaambia alikuwa akisikia kila neno, ila hakuweza kufungua hata jicho awaambie yupo.

Alipona, akaenda kwao. Lakini habari zilishatoka. Magnesi ikasimamishwa, na baada ya wiki chache dobi akaja na mashuka. Safari hii hakuuliza habari za panya. Aliyaweka mezani, akaondoka.

Mwishowe matroni, mkuu wa wauguzi, akairudisha kwa sharti moja: hakuna dripu ya magnesi bila muuguzi aliyefundishwa kukaa kando ya kitanda hadi iishe. Ni sharti la haki na hakuna anayelipinga. Tabu ni kwamba muuguzi wa namna hiyo wodini ni mmoja. Mama Goti amewafundisha vijana wawili. Wote wawili, walipoiva, wakahamishwa. Siku zake za mapumziko, wanaopasuliwa hupata dawa za kawaida, na pembe za mashuka.

Sasa tufike kwenye jambo lililomleta mwandishi hapa.

Ukimtazama Mama Goti kwa makini utaona hakai kwenye kiti chochote ila kile kimoja kilichovalishwa plastiki. Utaona sketi ya ndani nyeusi ikichungulia chini ya sare nyeupe. Utaona kwamba akisimama ghafla hushika ukuta kwanza, na kwamba viganja vyake vimepauka kuliko vya wagonjwa wake. Mwaka wa pili huu anatoka damu. Kizazi chake kimejaa uvimbe, na daktari aliyempima ni yule yule anayewapasua wanawake anaowauguza.

"Kizazi kile lazima kitoke," anasema daktari huyo, mtu wa maneno machache. "Nimemwandikia tarehe mara tatu, zote kazikimbia. Damu yake inashuka. Akiendelea hivi ataanguka humu humu wodini, na siku hiyo sitakuwa na muda wa kuchagua."

Mumewe hajui amlaumu nani. "Nimembembeleza, nimemgombeza, nimenuna. Hospitali itapata nesi mwingine. Mimi nitapata wapi mke mwingine wa kumtengenezea nyundo?" Anaweka kiatu chini, anajifuta uso kwa kitambaa cha kung'arishia viatu, na rangi nyeusi inambaki shavuni. Hakuna mteja anayethubutu kumwambia.

Nilimuuliza Mama Goti anangoja nini. Akajibu kwa mzaha kwamba kinyozi hajinyoi. Nikauliza tena. Akalitua bomba la sindano alilokuwa ameshika.

"Naogopa," akasema. "Andika hivyo. Mama Goti anaogopa. Mimi nimeyaona yale mashuka. Morfini haipo. Magnesi ipo, lakini nikiwekewa mimi nani atakaa? Matroni hataruhusu, na mimi ningekuwa yeye nisingeruhusu. Kwa hiyo nitalala pale, nitauma shuka, na wenzangu watapita wakisema wodi leo imetulia."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na wiki nitakazokuwa kitandani, hawa wengine nao wataumia vile vile."

Waganga hawajigangi, hilo tumelisikia tangu utotoni na tunalisema tukicheka. Kulitazama usoni hivi hakuchekeshi.

Ana mtu mmoja anayemtaka. Tangu aandikiwe tarehe kwa mara ya nne, Jumatano ijayo, amekuwa akimfuata mtu huyo, na mtu huyo amekuwa akimkataa. Ni yule mkunga.

Anapatikana siku hizi kliniki ya watoto, upande wa pili wa uwanja wa hospitali. Aliomba mwenyewe kuhamia huko baada ya ajali. Matroni alimwita, wakazungumza, yakaisha. Kwake hayakuisha. Sasa kazi yake ni kupima uzito wa watoto na kuwachanja, na rafiki zake wanasema husoma kibandiko cha chupa ya chanjo mara nyingi kiasi kwamba akina mama kwenye foleni huanza kunong'ona.

Nilimkuta amemning'iniza mtoto mnene kwenye mzani, mtoto anapiga mateke kwa furaha.

"Kama umekuja kwa habari ya magnesi, rudi ulikotoka," akasema bila kugeuka.

Nikakaa. Foleni ilipopungua, akaja akakaa kwenye benchi, akiwa ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Watu hawaelewi hilo. Sikufikiri vibaya, sikufikiri kabisa. Mkono ulikuwa unaijua ile kazi kuliko mimi." Aliutazama mkono huo kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nimemwambia dada: niombe damu, nitakupa. Niombe figo. Lakini usiniombe nikae na chupa ile mbele ya kitanda chako. Likitokea la kutokea nitamwambia nini shemeji?"

Nikamwambia kwamba Mama Goti, anayemwita dada kwa heshima, anaogopa.

"Najua. Na mimi je?" Akasimama, akaenda kumchukua mtoto mwingine.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilirudi wodini nikiwa na jibu hilo, nikamweleza Mama Goti. Hakushangaa. Alikuwa akimgonga goti mgonjwa mwingine, na goti lilipoitika alibaki amelishika kwa muda, kama aliyesahau anachofanya.

Jumatano ikawa inakaribia. Matroni alikuwa ameshasema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba asipopatikana mtu wa kukaa, Mama Goti atapasuliwa bila magnesi. Mume alinunua shuka jipya zito, bila kueleza la nini. Mama Goti alilipokea, akalikunja, akaenda kulilia chooni. Hilo nalijua kwa kuwa alilisema mwenyewe, akitaka liandikwe.

Ijumaa alasiri, kliniki ikiwa imefungwa, mkunga akatokea mlangoni mwa wodi. Alikuwa bado na aproni yenye picha za wanyama, ile ya kuwatulizia watoto. Hakusalimia mtu.

"Nionyeshe pa kugonga," akasema.

Wodi nzima ikageuza vichwa. Mama Goti akaenda kwenye kile kiti chake cha plastiki, akakaa, akapandisha sketi juu ya goti, akaning'iniza mguu. Akatoa kinyundo mfukoni na kumpa.

Mkunga akagonga. Mguu haukutikisika.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Rangi ilimtoka, na kwa kitambo kifupi ilikuwa wazi kwamba hakuwa tena pamoja nasi. Alikuwa kwenye chumba kile kile, siku nyingine, kando ya mgonjwa mwingine.

"Mdogo wangu, mimi mzima, nakuona," Mama Goti akamwambia taratibu. "Umegonga mfupa. Shuka kidogo. Hapa penye kishimo, kwenye ukano. Na usinionee huruma, mpira huo hauvunji mtu."

Akagonga tena. Mguu ukaruka kwa nguvu hadi ukaipiga aproni, juu ya picha ya twiga. Mkunga akapiga ukelele. Mshonaji, ambaye alikuwa anaanza kukaa kitandani, alishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Jamani msinichekeshe! Mshono huu utafumuka, na fundi wake si mimi!"

Wakacheka, wanawake wale wote walioshika matumbo, kicheko cha kujibana na kuguna. Kilipoisha, mafunzo yakaendelea.

"Goti likinyamaza?" Mama Goti akauliza.

"Nafunga dripu."

"Halafu?"

"Namwita Baba Usingizi. Naitazama pumzi yako. Kalsiamu iko tayari."

"Iko tayari wapi?"

Mkunga akapiga kofi mezani, mahali itakapowekwa.

"Ukikuta dripu inakwenda polepole sana?"

Hapa aliutazama kwanza mkono wake. "Naiacha hivyo hivyo. Ikinitia shaka, nauliza."

"Na mimi nikikwambia nimechoka kugongwa, niache nilale?"

"Nagonga."

"Nikikutukana je?"

"Ukinitukana nashukuru, nitajua unapumua. Halafu nagonga."

Mama Goti akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amechoka, alishika ukingo wa kiti, na plastiki ikalia chini ya vidole vyake. Nikamuuliza kwa nini, kati ya wauguzi wote wa hospitali hii, alimng'ang'ania huyu aliyekuwa akimkimbia.

"Wanaonipenda wote wataniangalia usoni," akasema. "Wakiona nimelala vizuri wataniacha nilale. Huyu hataniamini hata nikitabasamu. Ataangalia goti."

Matroni ameshakubali. Jumatano asubuhi Mama Goti ataingia kwenye mlango ule wa teke akiwa amelala chali, na akitoka atawekwa kitanda cha karibu na meza ya wauguzi. Mume amepewa ruhusa ya kukaa barazani. Shuka jipya litakuwepo. Mama Goti amesema litamfaa kwa baridi. Daktari haahidi kitu, kwa sababu damu imeshuka kuliko alivyopenda, na mwenyewe Mama Goti hadanganyiki kuhusu hilo. Ameshawauguza wengi mno.

Mpango wake, aliousema akiushusha mguu na kulifunika goti kwa sketi, ni mfupi. Ikiisha Jumatano, mkunga hatarudi kliniki. Matroni ameombwa na ameridhia. Atabaki wodini, aendelee kukaa kando ya wagonjwa wengine wakati mwenzake yuko kitandani.

Mkunga akanyoosha mkono kurudisha kinyundo. Mama Goti akaukunja mkono ule vidole kwa vidole, kinyundo kikiwa ndani.

"Kaa nacho," akasema. Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba ni rahisi zaidi kunieleza mtu baki. "Nikipona, wodi itakuwa na wawili. Nisipopona, itakuwa na mmoja. Nilichokuwa nakihofia usiku na mchana ni ibaki bila mtu."

Mkunga alikuwa akisikia. Aliinama, akaipandisha tena ile sketi, akagonga goti, akangoja.